Kiti cha Chande

Sogeeni. Nina kesi, na kila mmoja aipime kwa moyo wake.

Palikuwa na watu watatu. Bi Theopista, afisa ustawi wa jamii, alijaliwa ulimi usiochoka kudai haki. Fundi Mhando, seremala, alijaliwa subira. Wa tatu, Bi Mwantumu, mjane muuza vitumbua, hakuwaogopa watu, kwa sababu alimwogopa Mungu.

Bi Mwantumu alikuwa na mwana mmoja, Haruni. Siku moja sokoni kijana aitwaye Chande, ambaye hata ndevu hajaota, alimpora Haruni simu. Haruni akamkimbiza. Chande akageuka, akampiga jiwe la kichwa. Haruni hakuinuka tena.

Watu wakamkamata Chande, wakamvisha tairi. Bi Mwantumu alipofika aliwaona wanaume waliokuwa wakiswali safu moja na mwanawe. Sasa wameshika madumu ya petroli, na wengine wanacheka. Karaha ikampanda. Akamlalia yule kijana.

"Toka, mama, utaungua!"

"Basi niungue. Msimchomee mwanangu mtu. Haruni hakuwa mzimu wa kutambikiwa."

Wakamvuta, wakamkanyaga goti likavunjika. Hakumwachia mpaka polisi walipofika. Tangu siku ile goti halikunjiki, naye huswali ameketi juu ya ndoo iliyopinduliwa.

Polisi wakamfungia Chande pamoja na watu wazima. Bi Theopista alimkuta kando ya shimo la choo, amevuliwa shati, wanaume wanamtuma kama mbwa. Alitoka nje akatapika. Kisha akarudi.

"Huyu ni mtoto," akasema.

Askari akamcheka. "Mtoto gani anaua?"

"Mtoto aliyeua. Na bado ni mtoto."

Akaenda ofisi hii na ile, akafukuzwa, akarudi, mpaka mahakama ikampeleka Chande shule ya maadilisho, wanakofunzwa watoto waliovunja sheria.

Huko Chande aliuma watu. Alipaka kinyesi ukutani. Walimu wakamkatia tamaa. Fundi Mhando, aliyefundisha useremala huko, aliuosha ukuta ule kwa mikono yake, kinyaa kimemjaa, kisha akamkabidhi kijana msumeno.

"Fundi, una wazimu? Huyo unampa chuma?" walimu wakamuuliza.

"Nimpe nini, kijiko?"

Akakaa naye, ubao baada ya ubao, mpaka Chande mwenyewe akasema, "Fundi, huu umekwenda upande. Naanza upya."

Shule ile ina desturi yake. Kijana anayetoka hubeba kitu cha kwanza alichokitengeneza peke yake. Hukipokea mtu mmoja tu, yule aliyemwokoa, na anayekipokea humpokea na kijana, akaishi naye kama mwana. Kijana hachagui. Waliomsaidia hukubaliana wenyewe, ndipo geti hufunguliwa.

Siku ya Chande ikafika, na wale watatu wakaitwa nje ya geti. Alisimama nyuma ya geti na kiti kifupi cha mninga.

"Kiti ni changu," akasema Bi Theopista. "Bila mimi angeozea mahabusu. Hata chumba chake nimekipaka rangi."

"Bila mimi angetoka vilevile alivyoingia, dada yangu. Kwangu kazi inamngoja."

"Wewe ulimfundisha mbao tu!"

"Na wewe ulimfundisha nini? Kugonga mihuri?"

Bi Mwantumu aliwatazama kama anayetazama watu wakigombea nguo za maiti. "Hamna haya," akasema. "Mnagawana sifa juu ya kaburi la mwanangu."

Fundi akainamisha kichwa. "Basi sema wewe, mama. Bila wewe hapa tungekuwa na majivu."

"Sikumlalia kwa kumpenda. Wale wenye madumu walinitia kichefuchefu, na huyu vilevile. Mpaka leo siwezi kuitazama mikono yake."

Goti likamlemea. Mlinzi akakipitisha kiti juu ya geti. "Kaa kwanza, mama." Akaketi bila kufikiri. Unyayo wa mguu mzima ukatua chini sawasawa, na mguu mbovu ukanyooka bila maumivu.

Akamgeukia Chande. "Nani alikupa kipimo?"

"Nilikuona mahakamani, mama, ukihangaika kukaa." Hakuinua macho. "Ni cha kuswalia. Lakini si mimi ninayechagua."

Bi Mwantumu akainuka kama aliyekalia makaa. Amsujudie Mungu juu ya mbao zilizochongwa na mkono uliomuua Haruni? Na kitanda cha Haruni, ambacho shuka lake hajalitoa, akilalie huyu?

Mlinzi akatikisa funguo. "Wakubwa zangu, jua linazama. Namfungulia nani?"

Bi Theopista akanyoosha mkono. Fundi Mhando akanyoosha mkono. Bi Mwantumu aliificha mikono yake ndani ya kanga, lakini hakuondoka.

Nanyi mlionisikiliza, geti bado limefungwa na kijana amesimama. Mmoja alimwachia pumzi, mmoja alimtoa shimoni, mmoja alimpa mikono mingine. Kiti ni cha nani? Na kama ni cha yule anayekichukia, je, wewe ungemwambia akipokee?