Mota Inayohesabu Hatua

Mwenda pole hajikwai. Methali hii huwaudhi watu wenye papara, maana hudhani ilitungwa kuwatetea wavivu. Uongo mtupu! Anayeanza pole si lazima amalize pole, na anayebisha asikilize yaliyotokea Katandala, mjini Sumbawanga, katika karakana ya kusuka mota ya Bwana Kasmir.

Avelina alikuwa fundi pale kwa mwaka wa tatu. Alipochoka kuzungusha nyaya za shaba kwa mkono, aliunda mashine yake mwenyewe. Ilikuwa na mota ndogo inayokwenda kwa hatua, mia mbili kwa kila mzunguko, ikiongozwa na kibao cha saketi kinachoenea kiganjani. Aliandika programu ya kuianzisha taratibu: hatua za kwanza zikiachana, kisha zikikaribiana mpaka mwendo ukolee, na karibu na mwisho ikipunguza vivyo hivyo. Kwa njia hiyo waya haukukatika, wala hesabu ya mizunguko haikupotea.

Siku moja Sista Hellena, muuguzi wa zahanati moja upande wa Matai, alileta pampu iliyoungua.

"Kina mama wanajifungua kwetu, na maji tunabeba kwa ndoo kutoka mtoni," alisema. "Nitaifuata kesho."

Waya wa unene unaofaa pampu hiyo, uliokuwapo karakanani, ulitosha kusuka mara mbili tu. Mwingine ungeagizwa Mbeya, na kuusubiri ni wiki nzima.

Kesho yake asubuhi Kasmir aliitazama mashine ikianza, akasonya. "Inatembea kama bibi harusi! Tutamaliza lini?" Avelina alipoizima na kwenda kununua vanishi ya kupaka nyaya zikishasukwa, Kasmir alifungua kompyuta, akafuta sehemu yote ya kuongeza mwendo, akaandika mwendo mmoja wa kasi tangu hatua ya kwanza. Mota ikashtuka, ikajikwaa, ikashtuka tena. Waya ukakatika mara nne, na koili iliyokuwa ikisukwa ikawa takataka.

Avelina aliporudi, alimkuta Sista amekwisha fika. Kasmir akamnyooshea kidole. "Sista, tuwie radhi. Binti huyu na michezo yake ya kompyuta ametuharibia waya."

Avelina aliitupia jicho kompyuta, akaona mistari yake imefutwa. Michezo! Angeweza kumeza tusi hilo kwa heshima ya mkubwa wake wa kazi, lakini je, mama wa watu ajifungue bila maji kwa sababu yeye amebana midomo? Thubutu!

"Sikuharibu mimi, Fundi. Nimekuachia mashine nzima. Nani amefuta programu yangu?"

"Unanijibu mbele ya mteja?"

"Nakujibu! Si umenisingizia mbele ya huyo huyo mteja?"

Hakungoja ruhusa. Alitoa waya wote, akachora alama ya chaki kwenye mhimili, akamwomba Sista ahesabu kila alama inapopita juu. Kisha akaiwasha mashine kama Kasmir alivyoiacha. Mota ikanguruma na kutetemeka kama maksai aliyechapwa ghafla. Kioo cha kompyuta, kinachohesabu hatua zilizoamriwa hata mota ikijikwaa, kikaandika mizunguko hamsini.

"Mimi nimehesabu tisa," alisema Sista.

Avelina akairudisha programu yake kutoka nakala aliyoihifadhi, akafunga waya wa mwisho uliobaki. Mota ikaanza kwa upole, ikachanganya, ikakolea kwa mwendo ambao Kasmir hakuwahi kuvumilia kuusubiri, mara mbili ya ule alioandika yeye. Ikapunguza, ikasimama. Hesabu ilikuwa kamili, na waya haukukatika hata mara moja. Vanishi ilipokauka na koili kurudishwa ndani, pampu ilitumbukizwa kwenye pipa la maji, ikarusha maji hadi ukutani.

Kasmir akachukua kadi ya dhamana, akaandika jina lake mahali pa fundi, bila haya! Sista akamnyang'anya kalamu, akalikata jina lile.

"Avelina, andika lako, mwanangu. Na wewe Bwana Kasmir, ulikimbia ukaanguka, kisha ukamsingizia aliyekuja kukuinua. Mwombe radhi hapa hapa, nikisikia."

Kasmir akamsogezea Avelina kadi. "Nisamehe, Avelina," alisema, macho yakiwa chini. Ama kweli, mwenda pole hajikwai.