Moshi wa Nakiete

Mbegu hailindwi na sikukuu, hulindwa na moshi wa kila siku. Ndivyo mwalimu wa kwaya alivyowaambia jana, ninyi mliorudi kwenye kongamano la vijana huko mjini, nanyi mkashindwa kuyafumbua maneno hayo, mkaona mnipitie. Karibuni. Elisifa, mwanangu, kuni hizo ziweke pembeni, usije ukaziangusha kwenye sufuria yangu.

Umeniambia kwamba kule kwenye kongamano ulikuwa ukiomba huku unalia kwa furaha, na sasa, wiki tatu tu baadaye, hata Baba Yetu humalizi kabla usingizi haujakuchukua. Unajiuliza kama wokovu wako ulikuwa wa kweli au ulikuwa kelele za spika. Ni swali la haki. Sitakujibu kwa mahubiri, maana mahubiri umetoka kuyala wiki nzima. Nitakueleza tu maneno hayo yalikoanzia, kwa kuwa nilikuwapo, nikiwa na miaka tisa na pengo la meno mawili.

Siku zile hapa Kirindi kila nyumba ilipikia kuni, na juu ya mafiga palikuwa na dari ya fito kama hii mnayoiona hapa kwangu. Mahindi ya chakula yalikaa popote. Mahindi ya mbegu yalikaa darini, juu ya moto kabisa. Mama mwenyewe ndiye aliyeyachagua, yenye punje nene na safu zilizonyooka, akayafunga kwa maganda yake mafungu mafungu na kuyaning'iniza. Moshi uliyafukiza mpaka yakawa meusi kama nyumba ya mhunzi, na fukusi, wale wadudu wa kutoboa punje, hawakuyasogelea. Vuli kwetu ni ya maharage, kwa hiyo mahindi yalingoja hapo miezi yote mpaka masika.

Sasa moshi hauji wenyewe. Ilibidi mama aamke kabla yetu, afukue makaa kwenye majivu, apulize. Sisi watoto tulisogea tukiwa bado na tongo machoni, tukakaa kuuzunguka moto kwa sababu ya baridi, na kabla uji haujachemka mama alisema maneno mawili matatu kwa Mungu. Hakuna aliyeiita ibada. Ilikuwa ni asubuhi tu, ndivyo asubuhi zilivyokuwa.

Mwaka huo tukaletewa mwinjilisti mpya, jina lake Yonazi. Msije mkadhani namsema vibaya, alikuwa mtu mwema, na mke wake alinishonea gauni. Lakini alikuwa kijana, na kanzu yake nyeupe ilipigwa pasi hadi ungedhani ingeweza kusimama peke yake. Tulikuwa tumemaliza kujenga kanisa la bati, la kwanza hapa mlimani, lenye chumba cha pembeni chenye sakafu ya saruji. Yonazi alikipenda chumba kile kupita kiasi.

Jumapili moja kabla ya Sikukuu ya Mavuno alisimama akatuambia, "Tunamletea Bwana maboga na ndizi, lakini mbegu, ambayo ndiyo uhai wetu, tunaiacha ikaliwe na masizi. Mwaka huu tuilete nyumbani mwake. Tuiweke wakfu, tuifungie humu ndani, ailinde yeye mwenyewe mpaka masika."

Watu waliguswa, baadhi ya akina mama wakafuta machozi. Ni nani angekataa neno zuri namna ile?

Mmoja alinyanyua mkono. Alikuwa mjane aliyeitwa Nakiete, mama wa wana watano ambao wote walikuwa wameondoka, mmoja mmoja, kwenda kutafuta kazi mashamba ya mkonge. Watu walimwita Mama Elieneza, kwa mwanawe wa kwanza. Hakuwa mtu wa maneno. Aliuliza tu, "Mwinjilisti, na humo ndani nani atawasha moto?"

Kanisa zima lilicheka, na mimi nilicheka, ingawa sikujua tunacheka nini. Yonazi naye alitabasamu, kisha akasema kwa upole, lakini mbele ya watu, "Mama Elieneza, usiwe na imani haba."

Nakiete alikaa. Siku ya sikukuu alileta boga moja na mkungu wa ndizi, mbegu hakuleta, na tangu siku hiyo wanawake kisimani walianza kumsalimia kwa mbali. Walisema yule mama anamwamini Mungu kwa boga, kwa mahindi hamwamini.

Sisi wengine tulipeleka. Tena tulipeleka kwa mbwembwe. Mama yangu aliona aibu kumpelekea Mungu mahindi yenye masizi, akayamenya maganda yote, akayapangusa kwa kitambaa kibichi moja moja, na nyumba nyingine zikafanya vivyo hivyo. Tuliandamana tukiimba. Mahindi yaliyorundikwa pale mbele ya madhabahu yalikuwa safi na ya kung'aa, sijapata kuona sikukuu nzuri kama ile tena. Nilifurahi mpaka nikapandwa na kwikwi. Baada ya maombi marefu mbegu ikaingizwa chumbani, mlango ukatiwa kufuli, na Yonazi akauvaa ufunguo shingoni.

Kuanzia hapo mambo mawili yalitokea, na hakuna aliyeyaona yakitokea. La kwanza, kwa kuwa darini hapakuwa na kitu cha kulinda, akina mama wakaanza kupikia nje uani, maana joto lilikuwa limeanza na moshi jikoni unaumiza macho. Hatukuuzunguka moto tena asubuhi. Kila mtu alichukua kikombe chake cha uji akaenda kukinywea anapopajua, na yale maneno mawili matatu ya mama yakapungua, yakawa ya Jumatano na Jumapili, halafu yakawa ya Jumapili. La pili, hakuna aliyethubutu kuomba chumba kifunguliwe. Baba yangu, aliyekuwa mzee wa kanisa, alisema siku moja kwamba akipita karibu na ukuta ule anasikia kitu kinatafuna polepole. Akaambiwa kufungua ni kumchungulia Mungu kazini. Tangu hapo akawa anapita njia nyingine, na mimi nilijua ameogopa.

Mawingu ya masika yakaanza kukusanyika. Mashamba yalikuwa yamelimwa, udongo unangoja. Siku ya Jumamosi watu wote wakaja kanisani, kila mmoja na kikapu chake, na Yonazi akavua ufunguo shingoni akafungua.

Kilichotoka kwanza ni vumbi. Lilikuwa jeupe, kama unga uliosagwa na mtu asiyeonekana. Rundo bado lilikuwapo, na kwa mbali ungesema mahindi ni mazima, lakini mama alipookota moja likamvunjikia mkononi likabaki gunzi, na fukusi wakamtembea mpaka kiwiko. Akaokota la pili. Akaokota la tatu. Kisha akakaa chini kwenye saruji ile nzuri akajifunika uso kwa khanga.

Mahindi ya chakula majumbani yalikuwa yamebaki machache, na hayo nayo yalikuwa yamebunguliwa. Tambarare nako walikuwa wamevuna mabua matupu. Hapakuwa na pa kukimbilia. Bila mbegu wiki ile, kufikia Agosti watoto wa Kirindi wangekuwa wanakula mizizi, na kila mtu mzima pale alilijua hilo. Hakuna aliyemtukana Yonazi. Waliondoka tu, na nadhani angeona afadhali wangemtukana.

Asubuhi iliyofuata, kabla ya kengele, Yonazi alikwenda kwa Nakiete. Habari za humo ndani alizisimulia mwenyewe siku hiyohiyo mbele ya kanisa, ndiyo maana nazijua.

Alimkuta ameinama mafigani. Akasimama mlangoni akasema, "Shikamoo, Mama Elieneza. Nimekuja kuomba msamaha. Nilikwambia imani yako ni haba."

"Marahaba. Ulisema," Nakiete akajibu. "Nami nilirudi nyumbani nikapika. Ingia ndani, moto umegoma, nisaidie kupuliza. Bado sijasali."

Yonazi akapiga magoti na kanzu yake, akapuliza. Kuni zilikuwa mbichi. Moshi ulimwingia machoni na puani, akakohoa, machozi yakamtoka, na alikiri kwamba si yote yaliyokuwa ya moshi. Moto uliposhika, Nakiete akafumba macho akasema, "Bwana, umetuamsha. Utupe cha leo. Uwaangalie wanangu walipo. Amina."

Yonazi akangoja sala iendelee. Ilikuwa imekwisha.

"Ni hiyo tu, mama?"

"Ni hiyo tu. Huu ni mwaka wa thelathini. Siku nyingine naisema nikiwa na hasira, siku nyingine naisema nasinzia. Lakini moto huwashwa."

Hapo ndipo Yonazi alipoinua macho kufuta machozi, akaiona dari. Ilikuwa imejaa mafungu ya mahindi, meusi tii, yamebanana kama popo pangoni. Kwa mjane anayeishi peke yake yalikuwa mengi mno.

"Mama, haya yote ni ya nani?"

"Lile dogo ni langu. Haya matano ni ya wanangu. Kila mavuno namfungia kila mmoja mbegu yake, ya kutosha shamba. Hawajaja, basi mwaka ukiisha nasaga, nafunga mengine." Akalifikia moja, akalipukuchua punje akampa mkononi. Chini ya masizi punje ilikuwa njano, ngumu, nzima. "Hukuja kuomba mbegu?"

"Ningeombaje? Sikuwa na uso wa kuomba."

"Basi mimi nakupa bila uso. Niletee ngazi."

Nilikuwa kanisani mafungu yale yalipoingia. Watu wa Kirindi wamebeba mafungu, mbele yao mwinjilisti mwenye kanzu iliyojaa masizi kuanzia kifuani hadi magotini. Walihesabu nyumba, tulikuwa nyumba ishirini na nne, kila nyumba ikapata mahindi manane ya mbegu. Mama alipopokea ya kwetu alicheka na kulia kwa pamoja, na baba, ambaye sikumbuki kumwona akimshika mama mkono mbele za watu, alimshika.

Yonazi alisimama mbele yetu, hakufungua kitabu. Akasema, "Mimi niliwapa sikukuu. Mama huyu alikuwa na moshi. Leo nimejifunza, na ninyi shikeni: mbegu hailindwi na sikukuu, hulindwa na moshi wa kila siku."

Nakiete akasema kutoka nyuma, kwa sauti yake ileile ndogo, "Lakini usiitukane sikukuu, mwanangu. Ilikuwa nzuri. Hata boga langu lilipendeza."

Safari hii tulicheka pamoja naye. Mvua ilinyesha Jumanne.

Ngoja, kuna kipande kimebaki, na ndicho ninachokipenda. Mwezi wa sita, mahindi yakiwa yamebeba, Elieneza alirudi. Alikuwa amekonda, ana kikohozi cha mkongeni, na aliingia nyumbani kwa mama yake akiwa na begi moja na haya nyingi. Aliponyanyua macho akaona dari tupu. Alijua desturi ya mama yake tangu zamani.

"Mama," akasema, "fungu langu limekwenda wapi? Au ulichoka kuningoja?"

Nakiete akasimama. Akamshika mkono akamtoa mlangoni, akamwonyesha mteremko mzima wa Kirindi, shamba kwa shamba, kuanzia kwa mwinjilisti mpaka kule kwetu bondeni, mahindi yamesimama kijani, yanatikisika kwa upepo.

"Lile pale," akamwambia. "Nenda kavune."

Na kila nyumba ilimrudishia ilichochukua, na ziada. Ndiyo maana, tangu mwaka ule, hapa Kirindi mnaona kwenye Sikukuu ya Mavuno tunapeleka mbegu kanisani, inaombewa, na jioni ileile kila mtu anaibeba yake kuirudisha darini. Wageni hutushangaa. Tuwaache washangae.

Basi, Elisifa. Naona unafuta macho, na moto wangu leo hautoi moshi wa kiasi hicho. Unataka kuniuliza kama mbegu yako imeshabunguliwa?

"Ndiyo, Bibi. Ndilo ninaloliogopa."

Mahindi yaliyobunguliwa hayaogopi kitu, mwanangu. Kule kwenye kongamano ulipewa mbegu ya kweli kabisa. Kosa lako ni la mama yangu, uliipangusa ikang'aa, ukaifungia, ukangoja ijilinde. Kesho ukiamka sema maneno mawili. Keshokutwa hivyohivyo, hata kama unasinzia, hata kama una hasira na mdogo wako. Usingoje machozi yarudi. Yakija yamekuja.

"Ni hivyo tu?"

Ni hivyo tu. Sasa sogea hapa upulize huu moto, naona unataka kuzima na maharage hayajaiva. Inama zaidi. Usikwepe moshi, unapanda juu kwenye kazi yake. Enhe, umeshika. Mbegu hailindwi na sikukuu, hulindwa na moshi wa kila siku.