Pimbi, Fisi na Maneno Yenye Mikia

Paukwa!

— Pakawa!

Pakawa nini?

— Pakawa kiu!

Basi sogeeni, wanangu, niwasimulie kiu ya Pimbi na mama yake.

Mwaka huo mvua iligoma. Mito ikakauka, ukabaki mchanga mtupu. Kilisalia kisima kimoja tu, kimezungushiwa ua, na mlangoni alikaa Farasi, mgeni kutoka ng'ambo. Farasi hakusikia lugha ila Kiingereza. Ukimwomba maji kwa lugha ya mama yako, anatikisa masikio tu, pepe, pepe.

Mama Pimbi alikuwa mgonjwa, midomo imempasuka. Akamwambia mwanawe, "Nenda kwa Mwalimu Korongo. Yeye huruka hadi Ulaya na kurudi. Kajifunze, uniletee maji."

Pimbi akaenda. Akamkuta Fisi darasani.

"Givu ni kutoa," alisema Korongo. Fisi akalimeza, gwap!

"Pasi ni kupita." Gwap!

Vilipokuja vijineno vidogo, apu na awei, Fisi akacheka. "Makombo hayo mpe Pimbi!" Akatimkia kisimani.

Korongo akashusha pumzi. "Apu ni juu. Awei ni mbali. Lakini jihadhari, Pimbi. Neno likiota mkia hugeuka. Givu ni kutoa, apu ni juu, ila givu apu ni kukata tamaa, kuacha kabisa."

Pimbi akajifunza, moyo uko kwa mama. Alipofika kisimani, Fisi alikuwa ameujaza mlango. "Givu! Givu!" Farasi anateka, Fisi anakunywa, gubu gubu gubu. Akija Swala, anafukuzwa. Akija Nungunungu, anafukuzwa.

"Shikamoo, mjomba Fisi."

"Marahaba. Toka hapa!"

"Natoka, mjomba. Nasikitika tu kuona mkubwa kama wewe unapimiwa kwa kata. Ungetia apu ungepewa kisima kizima. Sema, ai givu apu."

Tamaa ikampanda Fisi. "AI GIVU APU! AI GIVU APU!"

Farasi akashangaa. Kumbe huyu ameshindwa? Hataki tena? Basi aende zake! Akamgeukia na teke, puu! Fisi akaangukia miibani, akakimbia akilia.

Wanyama wakashangilia. Pimbi hakungoja. Aliomba, akajaza kibuyu, akakimbia, mbio, mbio, asimwage hata tone.

Mlangoni pa pango lao alisimama Korongo, ameinamisha shingo. Neno lenyewe lilimshinda kulitamka kwa lugha ya nyumbani, akalisema kwa Kiingereza. "Mama... pasi awei."

Pimbi akawaza. Pasi, kupita. Awei, mbali. "Amepita kwenda mbali? Kwa miguu ile? Kaelekea wapi, mwalimu, nimkimbilie?"

Pimbi akauzunguka mwamba akiita, "Mama! Maji haya, mama!" Akaita mpaka sauti ikamkauka.

Ndipo Korongo akamfunika kwa bawa. "Hilo nalo lina mkia, mwanangu. Hatukulifikia. Maana yake ni kufa."

Pimbi akaingia ndani. Akailowesha midomo ya mama yake, taratibu, kwa ncha ya kidole. Maji yakateremka shavuni.

Ngano yangu naitua hapa. Mwenye machozi ayafute, mwenye maji amgawie jirani.

Na funzo, wanangu? Funzo ni hili: mama akishikwa na kiu, usiwe na haraka. Kasome Kiingereza kwanza. Maji husubiri, na mama pia.