Jogoo Aliyemtajirisha Nyanzobe

Wewe unayesikiliza, umewahi kumchinjia jogoo mtu aliyekuja kupima njaa yako?

Basi kaa. Hapo zamani, na si zamani ya babu, ni zamani ya juzi tu, simu zipo na njaa ipo, aliishi Usukumani mjane mmoja, Nyanzobe. Binti yake wa pekee, Kwandu, alifaulu kidato cha nne, akakosa ada ya chuo cha uuguzi, akaenda mjini kufanya kazi za ndani. Mwaka wa kwanza ukapita. Wa pili ukapita. Kila jioni Nyanzobe aliosha vikombe viwili, na kimoja hakikuwa kimetumika.

Ukaja mradi. Una jina refu la Kiingereza, tuuachie jina lake. Ukasema: kaya maskini kuliko zote kijijini, binti yake atasomeshwa bure. Nyanzobe akaazima simu ya jirani yake, Minza.

"Jina likitoka, mwanangu, unarudi."

Kwandu akauliza kama ule mpapai wa nyuma ya nyumba umeshazaa.

Siku ya kupimwa umaskini akaja Fidelis, karani wa mradi, na kishikwambi chake, jasho linamchuruzika. Graduate wa development studies, miaka minne kijiweni, sasa kapata mkataba wa wiki tatu. Nyanzobe wiki nzima alikuwa anatafuna michembe, viazi vikavu, asubuhi na jioni. Lakini nani humwekea mgeni michembe? Akakimbia kwa Minza. Minza akatoa jogoo. Akatoa viti viwili. Akatoa na redio, "mtoto wa watu asile kimya kama yuko msibani."

Fidelis akala. Akanawa. Akaanza maswali.

"Viti, mama?"

"Si hicho umekalia, baba?"

Kiti cha Minza. Akabonyeza.

"Redio?"

"Si unaisikia?"

Redio ya Minza. Akabonyeza.

"Wiki hii mmekula nyama?"

Nyanzobe akaitazama mifupa kwenye sahani ya kijana. Amwambie nini? Kwamba jogoo ni wa kuomba? Nyama imkwame kooni?

"Tumekula, baba."

Akabonyeza.

"Mnaolala humu ni wangapi?"

"Wawili. Mimi na Kwandu."

"Kwandu yuko wapi?"

"Mjini."

"Basi atahesabiwa anakolala. Ndiyo household, mama. Definition iko hivyo."

Na kule anakolala Kwandu, jikoni, sakafuni, alikuwa ameshahesabiwa: mtu wa nyumba ya vigae, yenye friji.

Orodha ikabandikwa ofisi ya kijiji. Nyanzobe: si maskini. Nafasi ikaenda kwa wengine.

"Hongera, tajiri!" watu wakamtania mlangoni pa ofisi. "Tukopeshe basi ng'ombe!"

Akacheka nao, kwa adabu, mpaka taya zikamuuma.

Minza hakucheka. Alimkuta Fidelis pale pale, akamkunja shati. "Wewe! Umekula jogoo wangu, halafu ukamtajirisha mwenzangu?"

"Mama, niliandika nilichokiona. Nikiandika nisichokiona, wanasema nimepika data, narudi kijiweni. Hata hivyo niliwaandikia waliotunga maswali, nikawaeleza yote. Wamejibu: *Thank you for your valuable feedback.* Basi. Ila wewe ndiye uliyejaza nyumba ya watu viti!"

"Nimwache mwenzangu aaibike mbele ya mgeni? Kwetu jirani ni wa nini? Angesema mwenyewe, 'vya Minza hivi.' Mdomo anao!"

Wote wakamgeukia Nyanzobe.

"Ninao," akasema. "Lakini kijana alikuja na jua kichwani, nikaona na Kwandu huko aliko anafika kwa watu hivi hivi. Nilimlisha huyu ili na wangu alishwe. Sikujua kumbe hapa umaskini ni viti. Mimi nilidhani ni kile kikombe."

Hapo simu ikaita kwenye pindo la khanga ya Minza. Kwandu. Alijua orodha inatoka leo. Pengine alishakunja nguo zake mbili.

Minza akamnyooshea Fidelis simu. Fidelis akarudi nyuma. Minza akamnyooshea Nyanzobe. Mikono ya Nyanzobe ikakataa kunyanyuka.

Haya, wasikilizaji. Mmoja alibonyeza, mmoja aliazimisha, mmoja alikirimu, na wengine, mbali huko, kwenye kiyoyozi, walitunga maswali ambayo hayakuuliza kikombe. Je, nani alistahili kuipokea simu ile?

Nanyi mliotunga maswali, feedback yetu mmeshaipata. Simu hii ipokeeni nyie. Mwambieni Kwandu, kwa midomo yenu, kwamba mama yake ni tajiri. Haya, pokeeni! Inaita.