Kompyuta Mbili Zilizokubaliana

Kulikuwa na binti mmoja, fundi wa ndege. Si fundi wa kushika spana. Yeye aliandika programu, yale maagizo yanayoiambia kompyuta ya ndege lini ifunge breki na lini isifunge. Na ndege, kama mjuavyo, hutua kwa mkia kwanza. Nasikia amina huko nyuma. Haya, tuendelee.

Binti huyo alikuwa na jina. Miaka tisa hakuna mstari wake wa programu uliorudishwa kwa kosa, akatembea shingo juu, nami simlaumu. Anayejua kupika hasingizii chumvi imejitia yenyewe.

Karakana yao ilikuwa na mwiko. Ndege ilibeba kompyuta mbili, na kila moja iliandikiwa programu na mtu wake, huyu asione kazi ya yule mpaka siku ya majaribio. Zikipingana, rubani anaonywa. Kwa nini? Kwa sababu watu wawili wasiochunguliana ni vigumu wakosee kosa lilelile.

Siku ya majaribio mkubwa wao akafika na furaha zake, maana kesho yake ndege ilikuwa ibebe abiria arobaini. Wakaziigizia kompyuta kutua kwenye jua, upepo, ukungu. Kompyuta zikakubaliana. Wakajaribu mvua. Zikakubaliana tena, watu wakapiga makofi.

Binti hakupiga. Wenzake walitazama makubaliano, yeye akasoma jibu lenyewe: ndege imeshatua, kompyuta yake inasema bado iko hewani, inazuia breki zisifunge. Akalijua kosa lake palepale. Aliiagiza isubiri magurudumu yazunguke, akasahau kwamba kwenye lami iliyolowa gurudumu huteleza tu. Hilo lilimchoma. Lakini kilichomtia baridi ni cha pili: kompyuta ya mwenzake nayo imekosea vilevile.

Akamvuta pembeni. "Kaka, ulichungulia kazi yangu?"

"Dada, wewe hukosei," akajibu yule bwana, hata haya hana. "Nilikunakili kwa heshima."

Angenyamaza, nani angejua? Jina lake lingebaki jeupe mpaka mvua ya kwanza. Akarudi mbele ya mkubwa, shingo juu vilevile.

"Ndege isiruke. Kosa ni langu, na mwenzangu kalinakili."

"Lakini zote mbili zimekubaliana."

"Zimekubaliana uongo, mzee."

Ndege ikakaa chini miezi minne. Kompyuta ya pili akapewa mtu ambaye hakumpenda binti hata kidogo, na binti mwenyewe ndiye aliyemwomba. Iliporuka, ilitua kwenye mvua ikasimama kama ng'ombe aliyefungwa kamba. Binti alikuwa kiti cha mbele, kidevu juu. Maringo ya namna hiyo mimi nayabariki.

Na sisi? Sisi tumejizungushia wanakili. Mume akikosea, ndugu zake wanamwitikia kwa kichwa. Kamati ikikosea, mikono yote juu, halafu tunauita umoja.

Mwanzo nilisema ndege hutua kwa mkia. Mkaitikia amina, watu wazima na akili zenu. Nani alinikatalia? Basi leo sitaki amina yenu. Namtaka mmoja tu asimame aseme: Bibi, hapo umekosea.