Kondoo wa Serikali Mbili

Chifu, mtu wa serikali kuu, alimtaka kondoo dume wa Mama Mkawasi.

"Nina mgeni. Saa sita nakuja na kisu."

"Karibu, chifu. Ila mifugo si ni kazi ya kaunti? Msimamizi wao wa wadi akisema ni wake?"

"Athubutu!" Chifu akaandika barua, akagonga muhuri, akamwachia Mkawasi: "Kondoo huyu ni wa serikali kuu. Kaunti isimguse."

Saa sita alipofika, shingoni mwa kondoo ilining'inia barua nyingine, yenye muhuri wa kaunti: "Mifugo ni ya kaunti. Chifu akimgusa, tukutane mahakamani."

Chifu akarudisha kisu alani. "Nani alimwambia msimamizi habari za kondoo huyu?"

"Wewe, chifu," alisema Mkawasi. "Mimi nilimpelekea barua yako tu."