Kwa Nini Njia ya Kironge Ina Kona Tisa

Zamani hizo njia ya mlima Kironge haikuwa na kona hata moja. Mnaocheka mnacheka bure, ndivyo ilivyokuwa. Ilipanda moja kwa moja kutoka mtoni hadi kileleni, na watu wa huku waliona fahari kuipanda hivyo, wakihema, magoti yakigonga kifua. Aliyezunguka aliitwa mvivu.

Lakini maji nayo yaliipenda njia iliyonyooka. Kila masika yaliteremka humo mbio, yakichimba, mpaka njia ikawa korongo la kumeza ng'ombe. Mwaka mmoja walikuwa wanamteremsha mke wa mhunzi, uchungu umembana, wakakwama korongoni. Akafia kwenye machela, yeye na mtoto wake.

Wakesho, mkunga wa bondeni, ndiye aliyekuwa akimsubiri chini. Na sasa binti yake mwenyewe, Mghoi, aliyeolewa kileleni, alikuwa na mimba ya kwanza, na siku zake zingetimia masika yakiwa yamepamba moto. Wakesho aliogopa. Hakumficha mtu hofu yake.

Akachukua kibuyu cha maji, akapanda nacho, akawa anamwaga kidogo kidogo na kutazama maji yanakimbilia wapi. Akaona kwamba njia ikikata ubavu wa mlima, na kuinama kidogo upande wa bonde, maji huivuka tu yakaenda zao. Basi akaomba watu wa kujitolea. Walikuja wanane. Akawafundisha kumwaga kibuyu kabla ya kuinua jembe, akampa kila mmoja kona yake ya kuchimba na kuitunza.

Kona zilikuwa tisa, moja yake mwenyewe. Ile ya nne aliichukua Mzee Mwadime, ambaye babu yake ndiye aliyechimba njia ya zamani. "Nataka nione huu uvivu unachimbwaje," alisema.

Wakesho akaitwa kijiji cha pili kuzalisha, akakaa huko siku sita. Huku nyuma Mwadime akachimba vizuri ajabu, maana hakuna aliyemshinda kwa kilimo. Alipomaliza akafanya ambalo mkulima yeyote wa hapa angefanya: akakusanya udongo ukingo wa chini, akaupiga bapa la jembe, ukawa tuta. Wenzake wakaja, wakalisifu, kila mmoja akaenda kujenga lake.

Siku Wakesho aliporudi, mvua ilikuwa inamwagika, na sauti ilikuwa inaita kutoka kileleni: Mghoi ameshikwa na uchungu. Akaanza kupanda. Kona ya kwanza maji yalimfika vifundoni, ya tatu yakamfika magotini. Matuta yalikuwa yameyafungia ndani, na njia mpya ilikuwa imeanza kumomonyoka kama ile ya zamani.

Kona ya nne akamkuta Mwadime, jembe mkononi, analiongeza tuta kimo.

"Mzee Mwadime, bomoa!"

"Udongo utakwisha, mama! Na tuta lenyewe zuri hivi!"

"Ni zuri kwa mahindi. Binti yangu si mahindi."

Mzee akamtazama, akamkumbuka mke wa mhunzi. Akalipiga tuta kisigino. Maji yakatoka kwa kishindo, yakateremka bondeni, na njia ikabaki imara chini ya miguu yao. Hakungoja kuambiwa tena. Alimtangulia Wakesho kona zote zilizobaki, akibomoa na kuwapigia kelele wenzake wa kona za chini, "Yatoeni! Yatoeni!" Wakesho alifika mlangoni kwa Mghoi ametapakaa tope, akanawa mikono, na kabla mvua haijakatika akampokea mjukuu wa kike, mzima, mwenye sauti kuliko radi.

Na tangu siku hiyo njia ya Kironge ina kona tisa, na kila anayefika konani hukwangua ukingo wa chini kwa kisigino. Wanaokutana hapo hawaulizani kwanza habari za nyumbani. Mmoja husema, "Yametoka?" na mwenzake hujibu, "Yametoka." Mwadime aliuliza hivyo pale kona ya nne mpaka uzee ukamweka kitako, na kila asubuhi wa kwanza kumjibu alikuwa binti wa Mghoi, akiteremka mtoni, kisigino tayari kina tope.